Samaki Chini ya Antene

Siku niliyorudisha mkanda wa kupandia na kofia ngumu pale ofisini Dilala, Kolwezi, mlinipa soda na shati lenye jina la kampuni, na kabla sijamaliza chupa mkaanza kubishana juu ya jambo lenu la kila siku. Kampuni inataka kununua pikipiki za taksi na kufungua duka la dawa. Je, watu wa internet wanatafuta nini kwenye dawa? Nusu yenu mlisema ni maendeleo, nusu mkasema ni tamaa, kisha mkanigeukia mimi mzee wa kazi niamue. Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki. Nikatikisa kichwa tu, na kila upande ukafikiri nimeukubali. Sasa nimekaa nyumbani wiki tatu, mke wangu amechoka kuniona nikipima umeme wa kila soketi, na jibu ninalo. Nimefurahi kweli kupata nafasi ya kulitoa, kwa hiyo mnivumilie nikienda mbio.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako kwenye faili langu, na faili lenyewe ni jembamba. Nitawaeleza kazi.

Nilianza kabla ya internet, katika chumba cha phonie. Nyinyi hamkuikuta. Ilikuwa redio moja kubwa, betri ya gari juu ya meza, na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili uani. Mtu alikuja akasema anataka kuzungumza na kaka yake aliye Mutshatsha. Mimi niliita Mutshatsha, Mutshatsha ikatuma mtu kumtafuta kaka sokoni, na baada ya saa nzima ndugu hao wakasikizana, huku watu kumi kwenye benchi wakiwasikiliza pia. Ugonjwa, mahari, mimba, vyote vilipita hewani. Ukimaliza kusema ulitamka "terminé" ili mwenzako ajue zamu yake. Mimi mwenyewe nilimwomba mke wangu kwa baba yake kupitia redio ile, na mzee alipojibu kwamba amekubali, terminé, benchi zima lilipiga makofi.

Simu za mkononi zilipofika, phonie ilikufa ndani ya msimu mmoja. Nilikuwa nimekaa nyumbani nikitengeneza redio za majirani pale Mama Bibiche aliponiita. Alikuwa mfanyabiashara wa unga na vitambaa, mwanamke mfupi mwenye haraka, na alikuwa amenunua sahani kubwa ya satelaiti bila kujua upande wake wa juu. Hivyo ndivyo kampuni yenu ilivyozaliwa. Mahojiano yangu ya kazi yalikuwa haya:

"Tata Kalenga, antene unaijua?"

"Minajua waya, mama."

"Waya na antene ni bandugu. Kesho uanze."

Alinikabidhi kwa Tata Mwepu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye nyaya za simu za reli. Kama kuna kitu ninachokijua kwa mikono yangu, kilitoka kwake. Alinifundisha kugonga kila chuma kwa spana kabla ya kukipanda na kusikiliza, kwa sababu chuma kilicholiwa na kutu kina sauti ya sufuria iliyopasuka. Alinifundisha kugeuza waya mara mbili kwenye skrubu, kulia kisha kulia tena, na kuacha mkia mfupi ili fundi atakayekuja baadaye apate pa kushika. Na alinifundisha kubeba kopo la majani ya kufukiza moshi, maana wateja wa kwanza wa kila antene katika nchi yetu ni nyuki. Wanahamia kabla hujaunganisha umeme, na hawasomi mkataba.

Siku yangu ya kwanza juu ya mnara niliaibika vizuri. Kazi ilikuwa kuelekeza antene upande wa magharibi, kwa dira. Nilipanda, nikashika dira, nikageuza antene, nikaikaza. Hakuna kitu. Nikashuka, nikapanda, nikakaza tena. Jua lilikuwa limeshuka nusu pale Tata Mwepu, aliyekuwa amekaa chini akila karanga, aliponiuliza nimeshika nini katika mkono ule ule wenye dira. Nilikuwa nimeshika spana. Sindano ya dira ilikuwa inaitazama spana yangu siku nzima, na antene ilikuwa imeelekea bwawa la umeme la Nzilo.

"Maji ya Nzilo inatupaka courant," akasema Tata Mwepu. "Internet, haijaomba."

Lakini ile siku iliyofuata, antene ilipoona mwenzake na taa ikawa ya kijani, nilipiga kelele peke yangu juu ya mnara. Sijui kama nyinyi bado mnaisikia ile furaha. Chini, kwenye chumba cha internet cha Mama Bibiche, vijana wachimbaji walikuwa wamejaa hadi mlangoni, wametoka Kasai, Maniema, kila kona, vumbi la shimo bado kwenye kope. Mmoja alimwona mama yake kwenye kioo kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na jambo la kwanza mama alilomwambia ni kwamba amekonda. Chumba kizima kilicheka. Nikajua kazi hii sitaiacha.

Tukajenga minara kuelekea magharibi, mmoja baada ya mwingine, hadi Mutshatsha. Mutshatsha ndipo mahali ninapotaka mkae pamoja nami, kwa sababu jibu lenu liko huko. Mji wa reli, mashamba na makaa. Umeme wa waya hakuna. Mnara wetu ulisimama nyuma ya stesheni, na chini yake kibanda cha matofali chenye betri, pano za umeme wa jua juu ya paa, na jenereta ya mazout, yaani dizeli, ya kusaidia siku za mawingu. Hatua mia mbili kutoka hapo kuna kituo kidogo cha afya, na mkuu wake alikuwa Mama Kapinga, muuguzi. Kabla yetu, akitaka ushauri wa daktari alipanda juu ya kichuguu kimoja nyuma ya kanisa, ambako simu ilishika mtandao siku ikitaka. Tulipomwekea kisahani juu ya paa, akawa anamwona daktari wa Kolwezi kwenye simu yake, anamwonyesha mgonjwa, anaelekezwa. Wiki ya kwanza alinipikia bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, akaniuliza jambo moja tu.

"Tata Kalenga, hii kintu itabakia? Nisizobee kisha bakuye kuiondoa?"

Nikamwambia itabaki. Nilisema kwa mdomo mwepesi, kama mtu anayeahidi mvua.

Haukupita mwaka, Mama Bibiche akatuita mimi na Tata Mwepu. "Ile antene ya Mutshatsha inatukula," akasema. "Mazout iko mbali, bateja beko kidogo. Kiangazi ikiisha, tunaishusha." Nilimweleza habari za Mama Kapinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana moyo anao, kisha akaniuliza swali ambalo mimi fundi sikuwahi kujiuliza.

"Saa sita ya muchana, batri zikisha kujaa, ile jua inaendaka wapi?"

"Inapotea tu, mama."

"Mu biashara yangu, kintu ya kupoteaka hakuna. Tutaweka frigo. Tutauzisha samaki."

Alikuwa na maana ya tomson, samaki wa barafu wanaoshuka Kolwezi kwa malori na wasiofika Mutshatsha ila wakiwa wameanza kunuka. Frigo zigandishe mchana kwa jua la bure, zifungwe usiku, na wanawake wa soko wapate samaki wazima asubuhi.

Nilikasirika. Nawaambia bila aibu, nilikasirika kama wale wenzenu wanaokasirikia pikipiki. Nilisema sisi ni watu wa internet. Akanijibu samaki hawataniuliza mimi ni mtu wa nini. Tata Mwepu akajaribu kwa upole: njia mbili zilimshinda fisi. Mama Bibiche, mwenye lori lake, hata hakuinua macho.

"Tata, fisi alikuwa na miguu tu. Mi niko na kamio."

Hasira yangu ilikuwa na mizizi, na wengi wenu mnaijua kwa sababu ni ya wazazi wenu pia. Baba yangu alikuwa mtu wa mgodi. Sisi watoto wa kambi tulizaliwa katika hospitali ya kampuni, tukasoma shule ya kampuni, tukala unga wa kampuni, na Jumapili tukashangilia timu ya kampuni. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini mgodi ulipougua, kila kilichofungwa nyuma yake kiliugua pamoja nao. Mwalimu wetu hakuwa amekosa lolote, lakini chaki iliisha kwa sababu ya shaba. Tangu hapo nimeogopa nyumba inayofanya kila kitu. Nilimwambia Mama Bibiche hivyo: samaki wakianguka, wataivuta antene.

"Kalenga," akasema, "si antene ndio inaanguka sasa?"

Frigo mbili zikapakiwa, na mimi nikapanda juu ya lori kwenda kuziunganisha. Hapa nisomeni polepole. Ndani ya kibanda kuna kisanduku kinacholinda betri. Kina pande mbili. Upande wa kushoto unapata umeme siku zote. Upande wa kulia hukatwa betri zikishuka, ili zisife kabisa, na haurudi mpaka jua lizijaze. Kabla ya samaki, antene ilikuwa kushoto. Nilisimama mbele ya kisanduku kile na waya wa frigo mkononi, nikawaza hivi: internet haiozi. Antene ikizimika leo itawaka kesho. Samaki akioza ameoza, na samaki wakioza Mama Bibiche ataifunga Mutshatsha. Kwa hiyo ukitaka kuilinda antene, linda samaki. Nikahamisha waya wa antene kulia, nikaweka frigo kushoto, nikageuza mara mbili, nikaacha mkia mfupi. Kisha nikamwambia Mama Vero, mwanamke wa soko tuliyempa ufunguo na biashara: samaki kwanza. Nilijiona mwerevu sana siku hiyo.

Na ilifanya kazi, jamani. Ilifanya kazi mpaka nikasahau kwamba nilikataa. Mama Vero alikuwa na sauti ya kuita treni irudi nyuma. Asubuhi wanawake walipanga foleni na beseni, abiria wa treni wakanunua, wakulima wakabadilishana mahindi kwa samaki. Mama Kapinga akaomba kona moja ya frigo kwa vibarafu vya kubebea chanjo, akapewa. Mama Bibiche hakutaja tena kuishusha antene. Kila nilipokwenda kuongeza maji kwenye betri nilirudi nyumbani na tomson wawili na kicheko. Jenereta Mama Bibiche aliihamishia mnara mwingine, kwa kuwa jua la Mutshatsha lilitosha.

Lilitosha mpaka mwezi wa mvua kubwa. Nilisafiri kwa lori la Fiston, dereva wa makaa, kijana mwenye maneno mengi aliyekuwa akienda Mutshatsha na lori tupu na kurudi na magunia. Siku nne jua lilikuwa halijatoka. Tulifika karibu na saa saba mchana, na jambo la kwanza nililofanya ni lile ninalofanya hata leo, niliinua macho juu ya mnara. Taa zote zilikuwa zimekufa. Nikaingia kibandani mbio. Frigo zilikuwa zinaunguruma kwa raha zao.

"Tata Kalenga, samaki iko muzuri," akasema Mama Vero kwa fahari. "Hata moja haijaoza."

"Na antene?"

"Ilizimika tangu yana. Lakini uliniambiaka we mwenyewe. Samaki kwanza."

Kabla sijameza maneno yangu yaliyorudishwa, Mama Kapinga akatokea mlangoni. Alikuwa amekimbia. Mikono yake alikuwa ameishika mbele yake, mbali na nguo.

"Niko na mama," akasema. "Amezala asubui. Damu haikatiki. Nimepanda ku kichuguu mara mbili, réseau hakuna. Niletee munganga."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kujificha. Alisema tu nimletee daktari, kana kwamba nilikuwa naye mfukoni, na kwa kweli nilikuwa nimemfunga mimi mwenyewe upande wa kulia wa kisanduku.

Nikashika waya wa frigo. Mama Vero akaweka mkono juu ya mfuniko. "Na samaki ya patron?" Nikamwambia hilo ni juu yangu. Nikaung'oa. Frigo zikaacha kuunguruma. Nikahamisha waya wa antene kushoto, mahali pake pa zamani. Taa ikawaka nyekundu, ikajaribu, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika. Nikapima betri: zilikuwa zimenyonywa hadi mfupani. Mama Kapinga alikuwa amekwisha kurudi mbio kwa mgonjwa wake, akiniamini.

Nilitoka nje. Wapakiaji walikuwa wamempa Fiston magunia yake, yuko kwenye usukani, anatazama mawingu.

"Fiston, leta kamio hapa ku kibanda. Ufungue kapo, batri zionekane."

"Tata, mvua inakuya. Njia itakufa. Mi minaenda."

"Kuko mama mu maternité anakufa."

"Kamio yangu itamusaidia nini?"

"Itamuletea munganga."

Alinitazama kama mtu anayetazama mlevi. Kisha akageuza lori, na nawaambia, sijawahi kuona lori la makaa likirudi nyuma kwa adabu kama lile. Betri zake mbili kwa pamoja zilikuwa na nguvu sawa na zetu. Hiyo ndiyo bahati ya malori makubwa, mkumbuke. Nilikuwa na kipande cha waya mnene uliobaki tulipoufunga mnara na ardhi. Nikakata, nikachuna kwa meno na kisu, nikafunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikiomba mikono isikosee. "Kanyaga polepole," nikamwambia. Injini ikaguna. Namba kwenye kipimo changu ikaanza kupanda. Nyekundu. Njano. Njano kwa muda mrefu usio na huruma. Kijani.

Kwenye redio ya antene kuna taa ndogo ya kila mteja, ambayo hupepesa anapozungumza. Ile ya kituo cha afya ilianza kupepesa. Nikamwita Fiston aione. "Ile njo munganga?" akauliza. Ndiyo, ile ndiyo daktari, ile taa ndogo kama punje ya mtama. Tukasimama wote wawili tukiitazama, mguu wake ukiwa nje na jiwe likikanyaga mafuta badala yake. Sikuwa na kazi nyingine duniani ila kushika zile nyaya zisiguse chuma. Mimi niliyekuwa nimesema kwa hasira kwamba ni mtu wa internet, nilikuwa naendesha internet kwa lori la makaa, na moyo wangu ulikuwa unadunda kwa hofu na kwa furaha vyote pamoja. Sitaki kudanganya, furaha ilikuwemo.

Mama Vero naye hakukaa akilia. Aliwaita wanawake wa foleni, wakafungua frigo, wakatoa samaki wote, wakawapasua na kuwatia chumvi pale pale. Alipohitaji moto alimwendea Fiston bila kumwomba, akashusha magunia mawili ya makaa. "Makaa yangu," akasema Fiston. "Utakula samaki," akajibu Mama Vero. Mvua ilipoanza, walikuwa wanakausha tomson chini ya bati la stesheni, na moshi ulikuwa umetujaa puani.

Kisha taa ikaacha kupepesa.

Kijani cha antene kilikuwapo, umeme ulikuwapo, lakini taa ndogo ilitulia. Ama mazungumzo yamekwisha, ama hakuna tena cha kuzungumzia. Fiston akanitazama, mimi nikatazama kipimo. Hatukuthubutu kuzima injini. Tulikaa hivyo mpaka tukamwona Mama Kapinga anakuja katika mvua, anatembea polepole, hana haraka tena, na sikuweza kusoma uso wake kwa sababu ya maji. Alifika, akaegemea lori.

"Anakunywa chai," akasema.

Fiston akaanza kucheka, na mimi nikalia, na Mama Vero akatuletea samaki wa moto kila mmoja kwenye jani.

Nilirudi Kolwezi nikiwa na maneno ya kujiuzulu tayari kichwani. Mama Bibiche hakutaka kusikia hadithi ofisini. Alipanda gari akaenda Mutshatsha mwenyewe pamoja nami, akatazama frigo tupu, akaketi kwenye kiti cha Mama Vero na samaki mkavu mkononi, akaniuliza nani aliweka samaki upande wa kushoto. Nikasema ni mimi. Akala, akitoa miba moja moja na kuipanga juu ya goti.

"Kalenga, mi nilileta samaki ichunge antene," akasema. "We ukaweka antene ichunge samaki."

Aliagiza rangi nyekundu, akasimama nyuma yangu mpaka nikaandika ANTENE upande wa kushoto wa kisanduku, kwa herufi kubwa. Kisha akaagiza frigo ya tatu. Na huyo ndiye mwanamke aliyenifundisha biashara, mimi niliyedhani najua waya tu.

Tangu hapo tulijaribu kila kitu, na nilikuwa wa kwanza kupandisha mizigo kwenye lori. Kuchaji simu za watu kulifaulu. Maji ya kunywa yalifaulu. Mashine ya kuangulia vifaranga pale Dilala ilifaulu kuangua vifaranga kumi na mmoja, na kwa mwezi mzima vilikuwa vinalala kwenye sanduku la nyaya zangu. Saluni ya nywele ilikufa kabla rangi ya ukutani haijakauka. Lakini sikilizeni: ilipokufa saluni, hakuna mteja hata mmoja wa internet aliyejua. Tuling'oa waya wake upande wa kulia, tukaenda kula. Tata Mwepu, kabla hajatuacha, alikiri kwangu kwamba fisi wake alikuwa na njaa tu, hakuwa na mpango.

Basi pikipiki zenu na dawa zenu mimi nazikubali, na nazikubali kwa shangwe. Nchi hii ina mambo mengi yanayokosa mtu wa kuyafanya, na nyinyi mna minara, malori, na watu wanaowaamini. Fanyeni. Lakini kabla ya kukata utepe, mwulizeni bosi siku ya mawingu nani atazimwa kwanza, na msiondoke ofisini kwake mpaka ajibu.

Nilitaka kuishia hapo, barua iwe ya furaha tupu. Lakini kuna jambo moja. Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Mutshatsha kuaga. Frigo sasa ni sita, Mama Vero ana miwani, Mama Kapinga ana wasaidizi wawili. Nilifungua kisanduku kwa mazoea tu. Kushoto, chini ya ile rangi nyekundu, palikuwa na waya wa frigo. Antene ilikuwa kulia.

Waya huo ulikuwa umefungwa vizuri mno. Umegeuzwa mara mbili, kulia kisha kulia tena, na mkia mfupi wa kushikia. Mkono ule naujua, kwa sababu niliufundisha mimi. Sikuuliza, na jina sitalitaja, maana aliyefanya hivyo si mvivu wala si mwizi. Aliogopa samaki wasioze, Mutshatsha isije ikafungwa. Najua alivyowaza, neno kwa neno.

Nilirudisha waya wa antene kushoto. Pano zilikuwa zimeanza kufunikwa na wingu la kwanza la msimu, na kwenye benchi la kituo cha afya walikuwa wameketi wanawake watatu, mikono juu ya matumbo, wakingoja siku zao.